Kilima, Kengele na Mlango: Historia ya Tahadhari za Dharura katika Shule na Vyuo vya Afrika Mashariki, Ikitazamwa kutoka Bonde la Nabuyonga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna taasisi za elimu za Afrika Mashariki zilivyojiwekea taratibu za kuwalinda wanafunzi wakati wa dharura, tangu shule za misheni za mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mafuriko ya Mbale ya mwaka 2022. Hoja kuu ni kwamba kila utaratibu uliandikwa baada ya maafa fulani na kwa sura ya maafa hayo. Kwa hiyo, maafa yaliyofuata yalipofika, yaliukuta ukiwa na jibu la swali jingine. Hoja hiyo inajengwa kwa kutazama vitu vitatu vilivyo mbele ya macho ya kila mwanafunzi: kilima, kengele na mlango wa bweni.

Utangulizi

Jumamosi tarehe 30 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Usiku wa kuamkia Jumapili mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake na kuingia katika jiji la Mbale. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Gari la abiria lilizama katika Nabuyonga. Mabomba ya maji safi yalikatika, na mamia ya maelfu ya wakazi wakakosa maji ya kunywa huku maji yamejaa mitaani. Mbale ilikuwa imekaa na hadhi ya jiji kwa miaka miwili tu, tangu tarehe 1 Julai 2020, siku ambayo Jinja nayo ilipewa hadhi hiyo hiyo.

Mbale ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa hapo mwaka 1988. Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema nacho kipo hapo, jirani na hospitali ya rufaa. Na shule za bweni ni nyingi. Mwanafunzi wa taasisi yoyote ya namna hiyo akiulizwa afanye nini kengele ya hatari ikilia, jibu lake huwa tayari: toka nje, kimbilia uwanjani, subiri majina yaitwe. Jibu hilo ni sahihi iwapo nyumba inaungua. Usiku ambao mto umeingia mjini, uwanja ndipo maji yalipo, na anayepaswa kusifiwa ni yule aliyebaki ghorofani. Swali la makala haya ni jinsi jibu hilo moja lilivyopata kuwa jibu la kila kitu.

Kilima

Waasisi wa shule za kwanza za Uganda hawakuandika miongozo ya dharura. Walichagua mahali. Shule ya Nabumali, kusini mwa Mbale, ilianzishwa mwaka 1900 chini ya milima. Budo ilifunguliwa mwaka 1906 juu ya kilima ambacho wafalme wa Buganda walitawazwa. Chuo cha Busoga, kilichoanza mwaka 1911, baadaye kilihamia kilima cha Mwiri karibu na Jinja. Sababu zilizowapeleka wamisheni juu zinajulikana: upepo, kuwakwepa mbu wa mabondeni, kuwaweka vijana mbali na mji, na bila shaka fahari ya kuonekana kutoka mbali. Usalama dhidi ya maji haukuwa lengo. Ulikuja wenyewe, kama kivuli kinavyokuja na mti uliopandwa kwa ajili ya matunda.

Urithi huo haukudumu. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza nchini Uganda mwaka 1997, na ile ya sekondari mwaka 2007, mahitaji ya madarasa na mabweni yalipita kabisa nafasi ya vilima. Shule za watu binafsi zilijengwa palipopatikana ardhi, na mara nyingi ardhi iliyopatikana kwa bei nafuu mijini ilikuwa ile ambayo wazee walikuwa wameiacha kwa sababu wanaifahamu. Bonde la mto lilionekana wazi, tambarare, rahisi kujengwa.

Hata hivyo itakuwa kosa kukisifu kilima kupita kiasi. Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa, kwenye miteremko ile ile ya Elgon inayoilisha mito ya Mbale, mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi. Watu wapatao 100 walipatikana wamekufa na wengine wengi zaidi hawakuonekana tena. Kituo cha afya cha kijiji kilifukiwa pamoja na watoto waliokuwa wamejihifadhi humo kutokana na mvua. Hao walikuwa wametenda sawasawa na mafundisho: mvua ikizidi, ingia katika jengo imara. Jengo lilikuwa imara. Kilichoshindwa ni ardhi lililosimamia. Kilima kinachomwokoa mwanafunzi wa Mwiri kinaweza kumwua mtoto wa Bududa, na hakuna mwongozo wa taifa zima unaoweza kulijua hilo kwa niaba ya mtu anayeishi mahali penyewe.

Kengele

Katika shule nyingi za eneo hili kengele ni ukingo wa gurudumu la lori au kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe na kugongwa kwa chuma. Chombo hicho kimoja huamsha, huita darasani, huita chakulani, huita sala, na siku ya hatari hugongwa kwa kasi zaidi. Kasi ndiyo tofauti pekee. Katika miji ya pwani mbiu ya mgambo ilikuwa na kazi iliyo karibu na hiyo: ikilia, pana jambo, lakini aliyeisikia alitoka akiwa na hakika kwamba mpiga mbiu mwenyewe atalitaja jambo lenyewe. Katika vijiji vya Uganda yowe la usiku huwaita majirani waende palipo na tatizo, hawakimbii kutoka hapo. Kengele ya shule ilichukua sauti ya mbiu ikaacha maneno yake.

Kisha kuna swali la nani mwenye ruhusa ya kuigonga. Tarehe 1 Desemba 1958 shule ya Our Lady of the Angels huko Chicago iliungua, na wanafunzi 92 pamoja na watawa 3 wakafa. Kanuni ya shule ilikuwa kwamba mkuu peke yake ndiye anayeidhinisha king'ora kupigwa. Walimu waliogundua moshi walimtafuta ofisini wasimkute, kwa kuwa alikuwa darasani akimshikia mwalimu mwingine kipindi. Dakika zilipita. Mtu aliyelelewa katika shule ya bweni ya Afrika Mashariki haoni ajabu yoyote katika kisa hicho. Kengele ina kiranja wake, kiranja ana mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu ana makamu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyenusa moshi saa nane usiku anajua adhabu ya kuigusa kengele isivyo halali.

Mwaka 2015 ulifichua udhaifu wa upande mwingine. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili washambuliaji wenye silaha waliingia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakaua watu 148, kati yao wanafunzi 142. Siku kumi baadaye, tarehe 12 Aprili, kabla ya mapambazuko, mlipuko wa umeme ulisikika katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamini kwamba ni Garissa ya pili. Waliruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 waliumia. Hapakuwa na adui. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Strathmore, jijini Nairobi, kilifanya zoezi la kujiandaa kwa shambulio, milio ya risasi ikatumika, na wengi waliokuwemo hawakufahamu kwamba ni zoezi. Watu waliruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine kadhaa waliumia.

Ni rahisi, baada ya matukio hayo mawili, kuhitimisha kwamba mazoezi yana madhara. Hitimisho hilo halifai. Zoezi ambalo washiriki hawajaambiwa kuwa ni zoezi linakuwa hatari yenyewe, na mwili wa binadamu unaijibu kama hatari. Zoezi la moto lililozoeleka, linalotangazwa, linalorudiwa kila muhula hadi wanafunzi wanalichoka, ndilo linalofanya kazi; uchovu huo ni dalili kwamba miguu imeshajua njia. Tatizo la Kikuyu lilikuwa kwamba miguu haikujua njia nyingine isipokuwa dirisha.

Mlango

Hapa ndipo historia inapokuwa nzito zaidi. Mlango wa bweni umebeba hofu nyingi kwa pamoja: hofu ya mwizi, hofu ya mwanafunzi kutoroka, hofu ya wavulana kuingia kwa wasichana. Hofu hizo hazikuwa za kubuni. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mchanganyiko ya St. Kizito huko Meru, wasichana 19 walikufa baada ya wavulana wa shule hiyo hiyo kulivamia bweni walimokuwa wamejificha. Tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 kutoka Chuo cha St. Mary's Aboke, kaskazini mwa Uganda. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata porini akarudi na 109. Mwezi Juni 2003 waasi hao walifika mashariki, wakaivamia shule ya wasichana ya Lwala katika eneo la Teso. Mkuu wa shule aliyeongeza nondo madirishani na kufuli mlangoni baada ya habari kama hizo ni vigumu kumlaumu. Mzazi mwenyewe angemwomba afanye hivyo.

Lakini moto nao ulikuwa ukihesabu. Mwezi Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliungua katika shule ya sekondari ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, Tanzania. Tarehe 26 Machi 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu, Kwale. Miaka mitatu baadaye, mwezi na tarehe vile vile, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli, na madirisha yana nondo. Tarehe 14 Aprili 2008 moto uliua watu wapatao 20, karibu wote wasichana wadogo, katika shule ya msingi ya Budo Junior nchini Uganda, na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba milango ilikuwa imefungwa. Mwaka 2009 wakafuata 12 wa Idodi, Iringa.

Kutokana na vifo hivyo miongozo iliandikwa. Ule wa Kenya wa mwaka 2008 ni wa kina na unastahili kusomwa polepole: mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa kwenda nje, usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani, kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2. Nyuma ya kila kipimo kuna bweni fulani na usiku fulani. Uganda nayo ilitoa miongozo ya usalama wa shule baada ya Budo. Utekelezaji ni jambo jingine. Tarehe 25 Oktoba 2022 watu 11 walikufa kwa moto katika shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono, kati ya Jinja na Kampala. Alama ya njia ya kutokea iliyopakwa rangi ukutani haimsaidii mtoto asiyeona. Yeye njia yake huijua kwa mkono na kwa kuhesabu hatua, na hilo huhitaji kufundishwa usiku baada ya usiku. Septemba 2024 wavulana 21 waliungua Endarasha, Nyeri, miaka 16 baada ya mwongozo kuchapishwa.

Hata hivyo mwongozo wa moto, ukitekelezwa kikamilifu, haujibu kila kitu. Tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF waliishambulia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Wanafunzi walijifungia mabwenini. Waasi waliyachoma mabweni, na vijana 80 wakafa. Miaka 25 baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ambayo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kundi hilo hilo liliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, Kasese, mpakani na Kongo. Wavulana walijifungia bwenini; bweni likachomwa. Watu 42 waliuawa, wanafunzi 37 miongoni mwao. Katika mabweni ya wasichana mlango ulifunguliwa, na waliokimbia walikutana na mapanga. Kwa hiyo usiku mmoja, katika uwanja mmoja, majibu yote mawili yaliyofundishwa, kujifungia na kukimbia, yalijaribiwa na yote mawili yakashindwa. Ni haki kusema kwamba pale kilichokosekana hakikuwa utaratibu wa wanafunzi. Ulinzi wa mpaka ulikuwa wa dola, na mtoto wa miaka 16 hawezi kuandikiwa kanuni ya kufidia pengo hilo.

Pamoja na hayo, mgongano kati ya mlango wa mwizi na mlango wa moto si fumbo lisilo na ufumbuzi. Tarehe 16 Juni 1883, huko Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikanyagana na kufa katika ukumbi wa Victoria Hall, kwenye ngazi ambayo mlango wake wa chini ulikuwa umekazwa kwa komeo upitishe mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1892 Robert Alexander Briggs alisajili hataza ya kitasa cha upau: kwa nje mlango hauvutiki, kwa ndani ukisukumwa na kiwiliwili cha mtu yeyote unafunguka, bila ufunguo na bila mwanga. Mlinzi analala salama na mwanafunzi anatoka. Kitasa hicho kina zaidi ya karne moja, fundi wa vyuma wa kawaida anaweza kukielewa kwa kukitazama, na bado kufuli lenye ufunguo mfukoni mwa matroni ndilo linalotawala mabweni yetu. Kisingewaokoa vijana wa Kichwamba, ambao adui alikuwa mlangoni. Kingewaokoa wengi wa Kyanguli.

Nje ya lango

Kilima, kengele na mlango vyote vinadhani kwamba mwanafunzi yuko ndani ya uzio. Dhana hiyo ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, chuo kilipomlaza na kumlisha kila aliyemsajili. Tangu Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wanaojilipia mwaka 1992, na vyuo vingine vikafuata njia hiyo, idadi ya wanafunzi iliwaacha nyuma wajenzi wa mabweni. Wengi wa wanafunzi wa vyuo vya Uganda leo hulala katika hosteli na vyumba vya kupanga nje ya lango. Katika Mbale maana yake ni mitaa ya mji wenyewe, na mji wenyewe umepasuliwa na Nabuyonga.

Mwanafunzi huyo haisikii kengele. Zoezi la kila muhula hufanyika mchana, kampasini, akiwa ni mmoja wa wanaohudhuria mihadhara; hatari yake huja usiku, kwenye chumba ambacho chuo hakijawahi kukikagua. Tena mvua iliyoua Mbale haikuhitaji kunyesha juu ya paa lake. Ilinyesha juu, Elgon, na anayeiona kwanza ni mkulima wa mteremkoni ambaye hana namba ya simu ya mlezi wa wanafunzi. Ikiwa kuna kengele inayoufaa mto, basi haiwezi kutundikwa kwenye mwembe wa chuo. Lazima ianzie kwa mkulima huyo, ipitie kwa mwenyekiti wa kijiji, ifike kwa mlinzi wa hosteli kabla ya maji. Na ujumbe wake uwe tofauti na ule uliozoeleka: pandeni juu, msivuke daraja, msiende uwanjani.

Baada ya Garissa walionusurika walisafirishwa hadi Nairobi na kukutanishwa na jamaa zao katika uwanja wa Nyayo; maiti zilipelekwa katika chumba cha maiti cha Chiromo, na wazazi wakasimama foleni kwa siku kadhaa, kwa kuwa kumtambua kila mmoja kulihitaji alama za vidole. Hao walikuwa wanafunzi waliolala ndani ya kampasi, wenye namba za usajili na vyumba vyenye namba. Kwa waliopanga nje, asubuhi ile ya tarehe 31 Julai 2022, kuita majina kungehitaji kwanza mtu anayejua ni nani aliyelala wapi. Katika hosteli nyingi kumbukumbu pekee ni daftari la mwenye nyumba, na daftari hilo huandikwa aliyelipa na anayedaiwa.